Muda wa Kungoja ni Mali ya Nani?

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazogombana, na kazi ya kuzipatanisha wakatuachia sisi. Walisema haraka haraka haina baraka. Halafu, pengine jioni ya siku hiyo hiyo, wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Shuleni tulizoea kuziandika zote mbili katika insha, moja kwenye utangulizi na nyingine kwenye hitimisho, mwalimu akatupigia vema na maisha yakaendelea. Hakuna aliyetuuliza: sasa wewe unashika ipi? Nataka tuulizane swali hilo leo, ndugu msomaji, na tuulizane mahali ambapo kila mmoja wetu ameshapita na ameshanung'unika. Nasema kwa fundi.

Fundi ninayemsema ni yeyote anayetengeneza kitu baada ya kuagizwa. Mshona nguo, seremala, mchomelea mageti, mshona viatu, hata malenga anayeombwa shairi la harusi. Hawa si kama mwenye duka. Mwenye duka hununua mali kwanza, akaipanga, kisha akakaa kumsubiri mteja. Kwa fundi wa oda mambo ni kinyume: mteja huja kwanza, kitu huja baadaye. Na katikati, toka siku ya kupimwa mpaka siku ya kukabidhiwa, pana muda. Muda huo hauandikwi kwenye risiti wala hauna bei. Lakini upo, unaliwa, na mtu fulani ndiye anayeulipia. Swali langu ni hilo tu: muda huo ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuutumia apendavyo?

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo kunielekeza mtaani, nilikaa karibu miaka miwili kwenye baraza la fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kufunga vifungo, kupiga pasi kwa mkaa umeme ukikatika, kufumua mishono iliyokosewa na, kazi kubwa kuliko zote, kuwapokea wateja na kuwaambia "njoo kesho". Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kwa kusikia.

Jambo la kwanza ninaloweza kushuhudia ni kwamba fundi yule hakuwa mvivu. Watu wengi hudhani fundi anayechelewesha nguo ni mvivu, au mlevi, au tapeli. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini yule wetu alifungua baraza kabla ya adhana ya alfajiri kwisha masikioni, na alilifunga macho yakimwasha kwa moshi wa kibatari. Na bado nguo zilichelewa. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: ikiwa mtu anafanya kazi kutwa kucha na bado kazi inachelewa, basi ucheleweshaji unakaa wapi?

Hebu tuhesabu. Gauni la kawaida kulikata ni nusu saa. Kulishona, pamoja na zipu na pindo, ni saa mbili au tatu. Vifungo na pasi, nusu saa nyingine. Jumla, tuseme saa nne, mchana mmoja tu. Lakini mteja anaambiwa wiki mbili. Siku nyingine zote gauni liko wapi? Haliko kwenye cherehani wala kwenye pasi. Liko kwenye rafu, ndani ya mfuko wa rambo wenye jina la mama fulani, limelaliwa juu na mifuko mingine. Gauni linalala. Kama lingekuwa na mdomo lingekoroma.

Sasa chukua rafu yenye nguo arobaini na fundi anayemaliza nguo nne kwa siku. Nguo inayoingia leo itangoja siku kumi. Fundi akijikaza, akapunguza usingizi, akafika nguo tano kwa siku, itangoja siku nane. Amejiua bure kwa siku mbili. Lakini kama rafu ingekuwa na nguo kumi na mbili tu, kwa mwendo ule ule wa nne kwa siku, kila mteja angengoja siku tatu. Mguu wa fundi kwenye cherehani haukwenda mbio hata kidogo. Jambo hili si ugunduzi wangu. Mwaka 1961 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye John Little alilithibitisha kwa hesabu, kwamba wingi wa vitu vilivyo ndani ya foleni, mwendo wa kutoka kwao, na muda wa kungoja vimefungwa pamoja kwa kamba moja. Vuta mmoja, wa pili lazima utikisike. Lakini hata bibi anayeuza maandazi analijua hilo bila kusoma: ukichukua oda za watu wengi kuliko karai lako, wa mwisho atakula mchana.

Basi kwa nini fundi hapunguzi rafu? Jibu lake ndilo lililonifungua macho. Anapokea kazi mpya kwa sababu kazi mpya inakuja na advansi. Mama akileta kitambaa, anatanguliza nusu ya fedha. Kwa fedha ile fundi ananunua unga, analipa pango la baraza, na ananunua uzi na zipu za nguo ya mteja aliyekuja wiki mbili zilizopita, ambaye advansi yake ililiwa zamani. Kumbe yule mteja mpya anamkopesha fundi bila kujua. Na mkopo ule una riba, ila riba yake haitolewi kwa shilingi, inatolewa kwa siku. Anayeitoa, ajabu, ni mkopeshaji mwenyewe! Yeye ndiye anayekopesha, na yeye ndiye anayengoja.

Hili linabadilisha hukumu yetu, au siyo? Tulitaka kumhukumu fundi kwa uvivu, tukamkuta na deni. Tulitaka kumhukumu kwa roho mbaya, tukamkuta na watoto wanaokula. Lakini tusiwe wepesi wa kusamehe pia, maana upande wa pili yupo mtu. Nguo ya Idi ikikabidhiwa Mfunguo Mosi tarehe tatu si nguo ya Idi tena, ni kitambaa kilichoshonwa. Sare ya shule ikitoka mwisho wa Januari, yupo mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake wiki tatu akionekana kana kwamba mzazi wake hajali. Kile mteja alichokinunua si gauni peke yake. Alinunua gauni la siku fulani. Siku ile ni sehemu ya kitu, kama mkono na kola zilivyo sehemu yake. Ukimpa gauni bila siku yake umempa gauni lenye mkono mmoja.

Ndiyo maana neno "kesho" linaponisumbua, halinisumbui kwa sababu ya urefu wa muda. Linanisumbua kwa sababu ni uongo unaosemwa kwa adabu. "Kesho mama, Mungu akipenda." Fundi anajua, na mimi nilijua, na mara nyingi mama mwenyewe anajua, kwamba kesho hiyo haipo. Hata hivyo anatoa nauli ya daladala, anakuja, anarudi mikono mitupu. Sisi watu wa pwani tunasema ahadi ni deni, kisha tunaitoa ahadi kama salamu.

Sasa tazama jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Seremala huyo huyo aliyekuambia kabati lako mpaka mwezi uishe, akiletewa habari ya msiba, jeneza linakamilika usiku ule ule. Kwa Waislamu, sanda haijawahi kusubiri foleni mahali popote. Inapimwa na kukatwa saa ile ile, na maiti anazikwa ikiwezekana siku ile ile. Hakuna fundi aliyewahi kuwaambia wafiwa "njooni Alhamisi". Na tunaona ni sawa, kwa kweli ni sawa. Lakini jambo hilo linafichua siri: foleni si mvua wala jua. Foleni ni uamuzi. Kila siku yupo mtu anayeamua nani apande juu na nani ateremke chini.

Na katika siku za kawaida, zisizo na msiba, nani hupanda juu? Nilikaa pale nikaona. Hupanda mwenye gari anayepiga honi barabarani. Hupanda afisa wa ofisi ambayo fundi atahitaji kibali chake kesho kutwa. Hupanda mwenye kelele, anayesimama mbele ya watu na kutishia kuita mgambo. Mfuko wa mama mpole, yule anayesema "haya mwanangu, nitarudi", unateremka chini siku hadi siku. Si kwamba fundi anamchukia. Anampenda kuliko wote, maana ndiye mteja asiyemsumbua! Lakini malipo ya upole wake ni kungoja. Wajameni, tumejenga utaratibu ambao gharama yote ya ucheleweshaji inabebwa na wenye subira, halafu tunawafundisha watoto kwamba mstahimilivu hula mbivu. Mbivu ipi, ikiwa mwenye kelele ameshaila?

Kwa hiyo rafu iliyojaa inachelewesha, na zaidi ya hapo inampa mtu mamlaka ya kuonea bila hata kukusudia. Rafu fupi haina nafasi ya upendeleo mwingi. Pale ambapo kila mtu anangoja siku tatu, hakuna haja ya kumpa mtu chai ili usingoje kumi.

Tuje sasa kwenye biashara yenyewe, maana vijana wenzangu watasema haya ni mahubiri na tumbo halishibi mahubiri. Fundi wetu anashindana na nani? Anashindana na mitumba, iliyomwagika nchini tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Anashindana na nguo mpya za bei ya kutupa kutoka China na kwingineko. Serikali za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na Rwanda iliposhikilia msimamo wa ushuru mkubwa, Marekani iliisimamishia mwaka 2018 nafasi ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Basi fundi asitegemee sana kwamba wakubwa watamfungia njia mshindani wake.

Kwa bei hamshindi. Kiwanda chenye mashine elfu moja kitaishona shati kwa fedha ambayo fundi wetu haimtoshi hata kununulia uzi na vifungo. Kwa wingi wa mitindo hamshindi. Lakini lipo jambo moja ambalo kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari hakiwezi kulifanya hata kikiwa na mashine milioni: hakiwezi kukupima kiuno leo Kariakoo na kukukabidhi suruali keshokutwa. Meli haipai. Bahari ya Hindi haikunjiki. Ukaribu ule ndio mtaji wa fundi, na mtaji huo amepewa bure na Mungu. Sasa yeye anapomwambia mteja wiki tatu, anachukua mtaji wake wa pekee na kuumwaga mtaroni. Amejifanya yuko mbali kama Shanghai huku yupo mtaa wa pili.

Waliolielewa jambo hili wametajirika. Mwaka 1975 huko La Coruña, Hispania, Amancio Ortega na wenzake walifungua duka la kwanza la Zara. Wale hawashoni kwa oda ya mtu mmoja mmoja, lakini walijifunza jambo la foleni kuliko wengi. Wakati wenzao walikuwa wakiagiza nguo miezi mingi kabla ya msimu, wao waliweza kutoka kwenye mchoro mpaka dukani kwa wiki mbili au tatu. Siri yao moja ilikuwa kushona sehemu kubwa ya mali karibu na nyumbani, Hispania yenyewe, Ureno na Moroko. Siri ya pili ilikuwa kununua kitambaa kabla hakijatiwa rangi, ili wakipaka rangi wawe wameshajua watu wanataka ipi. Na siri ya tatu, ambayo fundi wetu ataiona ya kichaa, ilikuwa kutojaza karakana zao mpaka pomoni. Waliacha nafasi. Mashine inayokaa bure Jumanne huonekana hasara, mpaka Jumatano inapokuja kazi ya haraka yenye faida.

Japani nako kuna somo. Fundi wetu alikuwa na desturi ya kukusanya nguo za buluu pamoja, za kijani pamoja, ili asibadilishe uzi mara kwa mara. Desturi nzuri? Kwake ndiyo. Lakini gauni lako la kijani linangoja ndugu zake wa kijani wafike, kama abiria kwenye Hiace inayosubiri kujaa. Viwandani ni vile vile, kubadilisha mtambo toka kazi moja kwenda nyingine kulichukua saa nyingi, kwa hiyo walitengeneza kitu kimoja kwa mafungu makubwa na kingine kikangoja. Shigeo Shingo amesimulia jinsi pale Toyota, mwaka 1969, ubadilishaji wa vifaa vya mashine moja kubwa ya kugandamiza chuma ulivyochukua saa nne, ukateremshwa mpaka dakika tisini, na baadaye mpaka dakika tatu. Hawakufika huko kwa kuwakimbiza watu. Waliandaa mapema, pembeni, kila kilichoweza kuandaliwa mashine ikiwa bado inafanya kazi. Kwa lugha ya barazani kwetu: jaza bobini za rangi zote usiku, asubuhi usiwe na kisingizio.

Mpaka hapa utaona kama ninaimba sifa za haraka. Subiri. Ipo haraka nyingine, na hiyo ina damu.

Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilionekana limepasuka nyufa. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Kesho yake washonaji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini, maana oda za watu wa ng'ambo zilikuwa na tarehe. Jengo likaanguka. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wasichana wa rika la wasomaji wa jarida hili. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa ya mtu mwingine, shati lilikuwa la mtu mwingine, lakini shingo ilikuwa yao.

Je, haraka ya Toyota kwenye vifaa na haraka ya Rana Plaza ni kitu kimoja? Hapo ndipo methali zetu mbili zinapogombana, na nadhani ndipo zinapoweza kupatana. Kungoja si kwa aina moja. Mimi naona kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni kungoja kwa kitu chenyewe. Mbao ya mninga lazima ikauke. Vanishi lazima ishike kabla ya kupakwa mkono wa pili. Zege lazima linyweshwe maji siku kadhaa ndipo likomae. Seremala anayekuuzia kitanda cha mbao mbichi kwa sababu ulitaka haraka amekuuzia kitanda kitakachopinda mwezi wa pili. Muda huu ni mali ya kitu. Si wa fundi wala si wa mteja, na anayeuiba anaiba ubora.

Aina ya pili ni kungoja kwa mikono: zile saa nne za gauni, pamoja na saa za fundi kula, kulala, na kuwaona watoto wake. Muda huu ni mali ya mfanyakazi. Unaweza kupungua kwa ustadi, kwa mkasi mkali, kwa cherehani nzuri. Anayeupunguza kwa kumnyima mtu usingizi au kwa kumrudisha kwenye jengo lenye nyufa anaiba mwili.

Aina ya tatu ni kungoja kwa rafu. Gauni limelala, hakuna anayelishughulikia, haliwi bora zaidi, halimpumzishi mtu yeyote. Muda huu ni mali ya mteja, naye ananyang'anywa bila mtu yeyote kufaidika nao. Hata fundi hafaidiki. Anazungukwa na lawama, anajificha mteja akipita, anazima simu. Ukiuondoa muda huu hujamwibia mtu.

Haraka haraka haina baraka inalinda ile miwili ya kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo inaushtaki ule wa tatu. Wahenga hawakuwa wanapingana, walikuwa wanazungumzia vitu tofauti na sisi tukavichanganya. Na tapeli wa biashara, mkubwa au mdogo, anajulikana kwa hili: akitakiwa kuwa mwepesi, haondoi muda wa rafu, maana kuuondoa kunataka akili na kunataka kukataa baadhi ya fedha. Anakata muda wa mbao kukauka, au anakata usingizi wa vibarua wake.

Najua pingamizi linalokuja. Mtu atasema kungoja kuna utamu wake. Ni kweli. Huko Japani, kuanzia mwaka 1987, kampuni ya National Bicycle ilikuwa ikitengeneza baiskeli kwa kipimo cha mwili wa mnunuzi. Kazi yenyewe kiwandani ilikuwa ya saa chache, lakini waliamua kumfikishia mteja baada ya wiki mbili hivi, ili apate raha ya kuisubiri. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikafikiri. Tofauti yao na sisi ni kwamba mteja wao aliambiwa wiki mbili, na wiki mbili zilipofika baiskeli ilikuwa mlangoni. Kungoja kitu chenye uhakika ni sawa na mtoto anayehesabu siku za Idi. Kungoja kitu ambacho huna hakika nacho ni sawa na mke wa baharia aliyekata barua. Zote zinaitwa kungoja, lakini moyo unazijua.

Pingamizi la pili ni zito na sitalikwepa. Mtu atasema: wewe unamwambia fundi akatae kazi, je, watoto wake wale nini? Kukataa ni anasa ya mwenye akiba. Nakubali. Fundi anayeishi kwa advansi ya leo hawezi kufunga rafu kesho asubuhi kwa sababu amesoma makala. Ndiyo maana nasema lawama hii si yake peke yake. Sisi wateja tunapeleka kitambaa siku tatu kabla ya harusi ambayo tumeijua miezi sita. Tunamkata bei mpaka anabaki na faida ya sigara moja. Nguo ikiisha hatuendi kuichukua, nusu yake ya pili inalala pale miezi. Tungemlipa siku ileile nguo inapoisha, tungekuwa tumemnunulia uwezo wa kusema hapana kwa oda asiyoiweza. Na yeye kwa upande wake anaweza kuanza na jambo dogo lisilogharimu hata senti: kuacha kusema kesho. Aseme siku kumi kama ni siku kumi. Wengine wataondoka, ndiyo. Lakini aliyebaki atarudi na dada yake, kwa sababu kwenye mtaa wenye mafundi ishirini wa "njoo kesho", yule mmoja ambaye tarehe yake ni tarehe anajulikana haraka kuliko tangazo la redio.

Na sisi tunaoandika? Nisingemaliza bila kutugusa, maana wengi wetu humu tunajiita waandishi na tuna riwaya isiyokwisha chini ya godoro. Tunapenda kusema kwamba sanaa haiharakishwi. Basi mkumbukeni Fyodor Dostoevsky. Mwaka 1865, akiwa amebanwa na madeni, alitia sahihi mkataba na mchapishaji mmoja: asipokabidhi riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji yule angemiliki kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ilifika na riwaya haijaanza. Alimwajiri binti wa hati mkato, Anna Snitkina, akamsimulia yeye akiandika, na kwa siku ishirini na sita riwaya ya Mcheza Kamari ikawa tayari. Mwaka uliofuata walioana.

Wapo watakaoisoma habari hiyo kama sifa ya haraka. Mimi nasoma mambo mawili. Moja, mkataba ule ulikuwa wa kinyonyaji, wa aina ile inayokata muda wa mtu mpaka kwenye mfupa, na kwamba yeye aliuweza hakuufanyi uwe wa haki. Pili, riwaya ile ilihitaji siku ishirini na sita za mikono. Miezi yote ya nyuma yake baadhi ilikuwa ni mbao inayokauka, maana alishaishi mezani kwa wacheza kamari na alijua anachokisema. Lakini baadhi ilikuwa rafu tu. Kila mmoja wetu auangalie mswada wake na kuuliza kwa uaminifu: huu unakauka, au umelala? Aliyeagiza riwaya yako humjui jina, lakini yupo, na yeye pia anazeeka.

Mimi nimeamua kubadilisha swali ninalomuuliza fundi. Zamani nilikuwa nauliza kama wote: itakuwa tayari lini? Swali hilo linamwalika adanganye, maana ananipa tarehe ninayoitaka mimi. Sasa namuuliza: fundi, una nguo ngapi mbele yangu, na unamaliza ngapi kwa siku? Wa kwanza kuulizwa hivyo aliniangalia kama mpelelezi wa kodi. Halafu akageuka, akaanza kuhesabu mifuko kwenye rafu kwa kidole, kimoja kimoja, na alipofika katikati akanyamaza. Nadhani alikuwa hajawahi kuihesabu.